Homa ya ini C kwa wahamiaji: maana yake nini?

Mtu akirudi kutoka zahanati ya Kariakoo akasema amekutwa na homa ya ini C, nyumbani kuna atakayeuliza, "Si ungechanjwa?" Mwingine atakumbuka cheti cha njano cha wasafiri. Hapo magonjwa matatu yameshachanganywa. Cheti kile ni cha homa ya manjano, inayoenezwa na mbu. Chanjo ipo kwa homa ya ini B. C haina chanjo mpaka leo.

C ni kirusi kinachokaa kwenye ini na kusafiri kwa damu. Hakipiti kwenye sahani, kikombe, kumbatio wala maziwa ya mama. Katika kila watu kumi wanaoambukizwa, kama watatu hukiondoa wenyewe ndani ya miezi sita. Waliobaki huishi nacho, na tatizo ni kwamba ini halina kelele: miaka 20 inaweza kupita mtu anafanya kazi zake, kisha ndipo ini linaonekana limejaa makovu, au lina saratani.

Sasa hilo neno "wahamiaji" lililo kwenye kichwa cha makala. Wengi wakilisikia wanafikiri safari yenyewe ndiyo inayozaa ugonjwa, au mgeni ni mchafu. Chukua Misri. Kuanzia miaka ya 1950 mpaka ya 1980, serikali ilitibu kichocho vijijini kwa sindano, mfululizo, na sindano zile za kioo zilirudiwa kwa mtu baada ya mtu bila kuchemshwa vya kutosha. (Wazee wetu wanazikumbuka sindano za kioo.) Nia ilikuwa njema kabisa. Kirusi chenyewe kilitambuliwa mwaka 1989, wakati watu wengi wa kizazi hicho walikuwa wameshaambukizwa. Kijana aliyedungwa kule utotoni, akahamia Italia, akaugua akiwa na miaka 50, ataandikwa huko kuwa mgonjwa mhamiaji. Lakini sindano ilikuwa ya kijijini kwao. Pakistani nayo ina mzigo mkubwa, na sindano zilizorudiwa zimechangia sana.

Kwa hiyo daktari anayemuuliza mgeni alikozaliwa anatafuta historia ya damu yake, na pasipoti haimhusu. Dar es Salaam, mji wa watu waliotoka kwingine, swali hilo linatuhusu sote: uliwahi kuongezewa damu isiyopimwa? Kudungwa sindano iliyotumika? Kuchanjwa chale kwa wembe uliopita kwa wengine? Mzaliwa wa Temeke asiyewahi kuvuka mpaka anaweza kuwa nacho, hasa kama amewahi kujidunga heroini kwa sindano ya pamoja. Kliniki ya methadoni (dawa ya kunywa inayochukua nafasi ya heroini) ya Muhimbili, iliyoanza 2011, inawasaidia watu waachane na sindano hizo.

Ukikutwa nacho, dawa ni vidonge, kwa kawaida wiki 12, na zaidi ya watu 95 katika 100 hupona. Ila kipimo cha kwanza hutafuta kingamwili, yaani silaha ambazo mwili hutengeneza kupambana na kirusi, nazo hubaki mwilini hata baada ya kupona. Jibu la "ndiyo" linasema tu kwamba kirusi kiliwahi kupita. Omba kipimo cha pili, kinachotafuta kirusi chenyewe, kabla hujaanza kuwaaga ndugu.