Kipokezi kilichofunikwa: kupima protini za mzio kwa panya

Mwanafunzi alinijia na karatasi mkononi, uso umemshuka. Alikuwa amewatia panya mzio kwa ovalbumini, ile protini ya ute wa yai, kisha akapima kipokezi cha IgE (kingamwili ya mzio), yaani FcεRI, katika seramu, ule majimaji ya damu unaobaki damu ikishaganda. Panya wenye mzio wakatoka chini kuliko wale ambao hawakuguswa. Alishaanza kulaumu vitendanishi. Nikamwambia asubiri.

Kwanza nilikagua boksi la vitendanishi vya kipimo. Kiswahili kinatuponza hapa: sisi panya ni panya, lakini kingamwili iliyotengenezwa kutambua protini za Mus musculus, yule mdogo, huenda isizitambue kabisa za Rattus norvegicus, yule mkubwa. Boksi lilikuwa sahihi.

Basi nikamuuliza: kipokezi hicho kinakaa wapi? Vipokezi vinavyoshika IgE vinavyojulikana zaidi ni viwili. CD23 huishika kwa ulegevu, na kimeng'enya ADAM10 hukikata kwenye utando wa seli kikabaki kinaelea. Kukitafuta kwenye seramu kuna mantiki. FcεRI ni mtu wa nyumbani. Hukaa juu ya seli masti na basofili, seli za kinga zinazoamsha mzio, na IgE ikishanaswa haiachii upesi. Kwa panya huundwa na minyororo minne, alfa, beta na gamma mbili, na bila beta hakifiki juu ya seli. Utakachokikuta kwenye seramu ni kile kidogo tu kilichotoka kwenye seli. Kingine chote kimebaki kwenye ngozi, mapafu na utumbo.

Halafu kuna jambo ambalo maelekezo ya boksi mara nyingi hayaligusi. ELISA, kipimo kinachotumia kingamwili kunasa protini, ya aina hii hukibana kipokezi kati ya kingamwili mbili: moja imegandishwa kwenye kisima, yaani kishimo cha sahani ya kipimo, nyingine imebeba bayotini, molekuli ndogo ya kunasia. Streptavidini, protini inayong'ang'ania bayotini, hufuata ikiwa imebeba kimeng'enya peroksidesi; kimeng'enya hicho huifanya TMB, kemikali ya rangi, igeuke buluu, asidi inaifanya njano, unasoma kwenye nanomita 450. Lakini mnyororo wa alfa ndio huohuo unaoshika IgE, na panya mwenye mzio ana IgE nyingi. Ikiwa kingamwili ya kisima inataka kushika palepale, itakuta kiti kimekaliwa. Namba inashuka, kipokezi kipo.

Hilo halihitaji kubishaniwa, linapimwa. Tuliongeza kiasi kinachojulikana cha kipokezi safi kwenye seramu za makundi yote mawili, tukaangalia kinarudi kiasi gani. Kwa kawaida nakubali asilimia 80 hadi 120. Seramu za panya wasio na mzio zilirudisha karibu chote. Za wenye mzio hazikufika nusu.

(Tulizimua pia sampuli mara mbili, nne, nane. Matokeo yakizidishwa na uzimuaji yanapaswa kukubaliana. Yasipokubaliana, kuna kitu kwenye seramu kinachoingilia. Na tafadhali, msihifadhi sampuli kwa sodiamu azidi, kemikali ya kuzuia vijidudu, inaua peroksidesi.)

Sasa anataka kusaga mapafu na kuhesabu kipokezi kwa kila miligramu ya protini. Vizuri, ila IgE itamfuata hadi huko. Kwa hiyo kabla ya kuagiza chochote nimemtuma amuulize mtengenezaji swali moja: kingamwili zenu zinashika sehemu gani ya alfa, na je, zinakishika kipokezi hata kama IgE imeshakaa juu yake?