Mazingira hatarishi: maana yake kwa kijana wa Kusini

Kwenye fomu za shule, za kijiji na za ustawi wa jamii kuna maneno yanayojirudia: mtoto anayeishi katika mazingira hatarishi. Ukiyasoma haraka unamwona kijana mtukutu, mvuta bangi, mtoro, binti mwenye ujauzito. Hapo ndipo tunapopotea. Kinachoitwa hatarishi ni mazingira. Kilichoharibika ni kile kinachomzunguka mtoto, naye yumo ndani yake. Kiswahili kimelipanga neno vizuri, lakini vikaoni tunalikata na kusema "watoto hatarishi", kana kwamba wao ndio wanaotuhatarisha. Mimi ni mwalimu wa sekondari ya kata wilayani Tandahimba, mkoani Mtwara, na kila nikilisikia hilo nasahihisha, hata kama anayesema ni mkubwa wangu.

Kwa maneno ya kazi, kijana yumo katika mazingira hatarishi pale mambo ya nyumbani, ya mtaani au ya shuleni kwenyewe yanapomsogeza karibu na kuacha masomo, kuumizwa, kutumikishwa, au kubebeshwa mzigo wa mtu mzima kabla ya wakati wake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mwenye umri chini ya miaka 18, na inaeleza ni nani anayehitaji matunzo na ulinzi: aliyetelekezwa, anayeteswa, anayezurura bila makao, na wengine wa namna hiyo. Maelezo hayo ni mazuri. Ila hayamtoshi mtoto wa Tandahimba ikifika mwezi wa kumi.

Mwezi wa kumi huku ni korosho. Mwaka mmoja kijana wa kidato cha pili alikuwa anakaa dawati la nyuma, mikono mfukoni, hata wakati wa kuandika. Nilipomwita ubaoni nikaiona: vidole vimebabuka, ngozi imekuwa nyeusi na inabanduka vipande. Yalikuwa mafuta ya ganda la korosho, ambayo huchoma ngozi usipokuwa na kinga. Alikuwa anabangua usiku kwenye geto alilopanga na wenzake karibu na shule, apate hela ya unga. Wazazi wake walikuwa wamehamia kibanda cha shambani tangu wakati wa kupuliza salfa, dawa ya mikorosho, na wasingerudi hadi minada ya korosho iishe. Kwenye daftari la mahudhurio mtoto huyu alikuwa na jina moja tu: mtoro sugu.

Hakuwa yatima. Hakuwa ametelekezwa. Ada hakudaiwa, kwa sababu tangu 2016 shule za serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne. Wazazi wanampenda, na hizo korosho wanazihangaikia kwa ajili yake. Ukimtafuta kwenye orodha ya sheria humpati kirahisi, ila mazingira yake ni hatarishi kuanzia jua linapozama. Ndiyo maana naliona neno hili kama swali la kuuliza, wala si muhuri wa kumgonga mtu: ni kitu gani kinachomzunguka, na ni mwezi gani?

Miezi inatofautiana. Kiangazi, kwenye nyanda za juu za Makonde, ni maji: ndoo, foleni, na binti anayeingia darasani saa tatu. Msimu wa mabibo, matunda ya mkorosho, kuna uraka, pombe yake, kila kona, na vijana wanaanza kunywa wakiwa wadogo. Kabla ya msimu kuna kangomba, familia inauza korosho zikiwa bado mtini kwa bei ya kutupa, na mwaka unaofuata mtoto anakosa hata sare. Kuna pia hatari isiyo na msimu: mtoto aliyelelewa kwa Kimakonde anaanza darasa la kwanza kwa Kiswahili, halafu kidato cha kwanza karibu kila somo linageuka Kiingereza. Anayenyamaza darasani tunamwita mzito.

Halafu kuna jando na unyago, na hapa naomba tusiharakishe. Ni kweli ngoma zikichezwa katikati ya muhula watoto wanakosa masomo, na ni kweli wapo wasichana wa umri wa shule ya msingi wanaotoka unyagoni wakiambiwa wamekua. Hilo linaumiza na lazima lisemwe. Lakini kwa Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao, unyago na jando vilimpa mtoto kitu ambacho shule haijampa mpaka leo: somo, yaani mlezi wa mwali. Kila mwali ana mtu mzima mmoja, asiye mama wala baba yake, anayejulikana na kijiji kizima kuwa ndiye anayemfunda na ndiye atakayeulizwa mwali akipotoka. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Kianglikana wa Masasi kuanzia 1926, alilitambua jambo hili mapema. Badala ya kuipiga marufuku ngoma, alitafuta namna ya kuifanya jando iwe ya Kikristo. Mtu anaweza kubishana naye kwa mengi, lakini alijua kwamba ukiung'oa mti inabaki shimo.

Watu wa jamii za asili za Amerika ya Kaskazini wanalijua shimo hilo kuliko sisi. Nchini Kanada zaidi ya watoto 150,000 walipelekwa shule za bweni zilizokusudiwa kuwaondolea lugha na malezi ya kwao, na maumivu yake yanarithiwa hadi leo. Huko shule yenyewe ndiyo iliyokuwa mazingira hatarishi. Martin Brokenleg, mwanasaikolojia wa Walakota huko Marekani, pamoja na wenzake, walieleza mwaka 1990 mambo manne ambayo malezi ya kale ya watu wake yalimpa mtoto: kuwa na watu anaojua ni wake, kuwa na kitu anachokiweza, kupewa nafasi ya kuamua, na kupata nafasi ya kuwatolea wengine. Waliyaita duara la ujasiri. Mambo hayo yalinigusa kwa sababu bibi yangu aliyajua yote manne bila kuyaandika.

Kwa hiyo kumsaidia kijana aliye katika mazingira hatarishi, kwa jinsi tunavyofanya sasa shuleni kwetu, kunaanzia kwenye kumtafutia mtu. Fomu ya shule ina mstari wa mzazi au mlezi, na mara nyingi anaandikwa baba. Lakini jamii zetu hizi hufuata ukoo wa mama, na neno zito mara nyingi ni la mjomba. Nimewahi kumwita baba wa yule kijana wa vidole mara tatu bila mafanikio. Mjomba alikuja mara moja, akakaa kwenye benchi nje ya ofisi, akaniuliza: "Mwalimu, huyu anakula wapi?" Sikuwa na jibu. Wiki hiyo hiyo kijana huyo alihamia kwa shangazi yake mwenye nyumba jirani na zahanati, na kubangua usiku kukaisha.

Si kila jambo linamalizwa na mjomba. Penye ukatili tunamwita afisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto la polisi, na namba 116 inapigwa bure. Binti aliyejifungua ana haki ya kurudi darasani tangu serikali ilipofungua mlango huo Novemba 2021. Anayemzuia getini anakwenda kinyume na utaratibu. Aliyekosa shule ya msingi akiwa mdogo bado ana nafasi kupitia MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa walioikosa.

Ninalo daftari la pembeni, si lile la mahudhurio. Upande wa kushoto jina la mwanafunzi, upande wa kulia jina la mtu mzima mmoja aliyekubali kuulizwa habari zake: bibi, fundi cherehani, katibu wa chama cha msingi cha ushirika, somo wake wa unyagoni. Mistari mingi imejaa. Michache upande wa kulia bado iko wazi, na minada imeshaanza.