"Muganga, tutatoka siku gani?"

Katika chumba cha watoto cha hospitali, hapa Bukavu, swali hili huulizwa daktari wakati mtoto mwenye ugonjwa wa kifua bado hajapimwa uzito. Si swali la ubishi: kila usiku ni franga, ni chakula cha kupandisha kutoka mtaa wa Kadutu, ni wadogo zake walioachwa kwa jirani. Shida ni majibu tunayopeana sisi kwa sisi, kitanda kwa kitanda.

"Homa ikishuka, tunatoka." Homa siyo inayoamua. Kwa watoto wa chini ya miaka 2, bronkioliti, yaani kuvimba kwa vijia vidogo vya hewa, mara nyingi huletwa na virusi vya RSV, na hukaza kati ya siku ya 3 na ya 5. Aliyeletwa siku ya 2 anaweza kuzidiwa kesho yake bila yeyote kukosea dawa. Wa siku ya 6 huenda ameshavuka kilele. Ndiyo maana huulizwa kwanza alianza kukohoa lini. Kikohozi chenyewe hudumu hata wiki 2 au 3, na hakuna anayelazwa kukingoja kiishe.

"Sindano zikiisha, basi." Antibiotiki haziui virusi. Kama ni nimonia ya bakteria, mtoto akipata nafuu dawa inaweza kumaliziwa nyumbani kwa kunywa.

"Wa kitanda cha pili alitoka siku ya 3, mbona sisi bado?" Pengine wako hajafikisha miezi 3, alizaliwa njiti, ana ugonjwa wa moyo au utapiamlo. Au alifika na oksijeni ya damu chini ya 90%, au hawezi kunyonya. Hayo mawili ya mwisho hutabiri siku za kulazwa kuliko picha ya kifua, ambayo wengi huilipia wakidhani inaona kesho.

"Oksijeni ni ya anayekufa." Hili huniudhi kuliko yote, maana kuna wanaochomoa mrija kwa siri, na mtoto hurudi nyuma.

"Wanatuongezea usiku ili malipo yapande." Sitamwapia kila mtu. Lakini oksijeni ya mtoto mgonjwa hushuka akilala: mwenye 93% akicheza mapajani anaweza kuwa chini ya 90% saa nane usiku, tena kwenye mji wetu ulio kama mita 1,500 juu ya bahari, wenye hewa nyepesi. Kwa hiyo mrija ukitolewa mchana, muganga husubiri mtoto alale. Asubuhi, badala ya siku ya kutoka, muulize: usiku akiwa amelala, oksijeni yake ilikuwa ngapi?