Red vs. Blue: kutoka helmeti zinazotikisika hadi mapigano ya angani

Vijana wengi wa Arusha na Moshi wanaotaka kutengeneza katuni za kuchekesha za mtandaoni huanza kwa kuuliza kompyuta gani na programu gani. Mimi huwaelekeza kwanza kwenye Red vs. Blue, mfululizo wa vichekesho wa mtandaoni kuhusu askari wa kambi mbili, nyekundu na bluu, kazi ya studio ya Rooster Teeth ya Austin, Texas, Marekani. Episodi ya kwanza ilitoka tarehe 1 Aprili 2003 na hitimisho likaja mwaka 2024. Katikati hapo walibadili karibu kila chombo, na ukitazama kwa mpangilio unaona kila badiliko lilileta nini na kuharibu nini. Kwa jicho langu, mfululizo uliboreka pale hadithi ilipoita chombo kipya. Chombo kilipotangulia, uliyumba.

Mwanzoni hawakuchora chochote. Waliunganisha mashine za Xbox, wakacheza Halo, gemu la kupigana risasi, mchezaji mmoja akawa kamera na wengine wakawa vikaragosi. Kila alichokiona mchezaji yule ndicho kilichorekodiwa, hivyo kamera ilikaa kwenye kimo cha macho ya askari, haiwezi kuruka popote. Maandishi ya gemu yaliyojaa juu na chini ya skrini yalifichwa kwa pau mbili nyeusi wakati wa kuhariri. Askari wa gemu hutembea bunduki imeinuliwa, na watu wawili hawawezi kupiga soga wakiwa wameelekezeana mitutu. Ikawasaidia kasoro ya gemu lenyewe: ukishika bastola na kuangalia chini, wenzako wanakuona umesimama wima, silaha imeshuka, uso mbele. Halo 2 ilipotoka mwishoni mwa 2004, watengenezaji wa gemu waliweka kabisa amri ya kushusha silaha.

Nyuso hazionekani, wote wamevaa deraya zinazofanana, tofauti ni rangi tu. Kwa hiyo anayeongea anatikisa helmeti, basi. Hapo ndipo ilipo shule yenyewe. Katika episodi ya kwanza Simmons, askari wa kambi nyekundu, anamuuliza mwenzake Grif kama huwa anajiuliza kwa nini wapo hapa. Grif anazama kwenye Mungu na ulimwengu, kumbe Simmons alimaanisha hapa bondeni. Askari wawili wamesimama juu ya kambi, hawasogei, na unacheka. Kinachochekesha ni muda ule mfupi wa kimya kabla Simmons hajashangaa. Ukiufupisha, utani unakufa. Ukiurefusha, mtazamaji anafika kabla yako.

Kwa hiyo rekodi sauti kwanza, zote, kisha panga vimya kwenye programu ya kuhariri kabla ya picha yoyote. Kwa fremu 24 kwa sekunde, yaani picha 24 zinazofuatana kila sekunde, anza na kimya cha fremu 12 kabla ya jibu la mshangao, halafu ongeza au punguza fremu mbili mbili. Wasikilizishe watu wasiojua hadithi ile sauti tupu, bila picha. Wasipocheka, tatizo liko kwenye maandishi, na mwanga mzuri hautaliponya.

Kurekodi huku kwetu kuna mambo yake. Chumba cha Ngarenaro, Arusha, chenye kuta tupu kinarudisha mwangwi, na maiki ya kondensa, ile inayonasa hata sauti ndogo, itabeba mwangwi, bodaboda na jogoo wa jirani vyote pamoja. Maiki ya dainamiki inasamehe zaidi. Simamisha magodoro mawili nyuma na pembeni ya msemaji, maana mwangwi unaoingia kwenye maiki unatoka nyuma ya msemaji, kisha weka blanketi zito mezani. Mdomo uwe shubiri moja kutoka kwenye maiki, na sauti kubwa kabisa isivuke desibeli -6 kwenye kipimo cha programu ya kurekodi. Kila kipindi cha kurekodi, chukua sekunde 30 za chumba kikiwa kimya ili uwe na cha kujazia vimya vyako. Ukiacha utupu kabisa, msikilizaji wa spika za masikioni anahisi sauti imekatika. Wakati wa masika, chini ya bati, usirekodi. Mvua hutaiondoa kwa programu bila kula herufi s na f.

Kama wahusika wako wana midomo, Kiswahili kinakupa nafuu. Silabi zetu karibu zote zinaishia na irabu, hivyo maumbo saba yanatosha: a, e, i, o, u, mdomo uliofungwa kwa m, b na p, na meno juu ya mdomo wa chini kwa f na v. Kwa katuni ya simu unganisha e na i, kisha o na u, unabaki na matano. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kwenye m ya "mtu" au "mzee". Ile m ni silabi kamili, lakini mchoraji anaipa fremu moja, ikaonekana kama mdomo umeshtuka. Ipe tatu. Na mdomo utangulie sauti kwa fremu moja au mbili, usichelewe kamwe.

Turudi kwenye mfululizo. Misimu mitano ya kwanza ina episodi 100 na iliishia mwaka 2007. Mwaka huohuo ikatoka Halo 3, na ndani yake uwezo wa kuhifadhi mchezo mzima na kuurudia huku kamera ikiruka popote. Msimu wa 6, Reconstruction, wa mwaka 2008, ukautumia, picha zikapata upana na kimo. Lakini kilichoufanya kuwa hatua kubwa ni uandishi. Katika msimu wa 1, Church, askari wa kambi ya bluu, aliuawa kwa kifaru kilichokuwa mikononi mwa mwenzake Caboose, akarudi kama mzimu, na kwa miaka yote hiyo mzimu ulikuwa utani tu. Reconstruction ikafichua kuwa Church hakuwa binadamu tangu mwanzo, alikuwa akili ya kompyuta. Hawakufuta utani wa zamani. Waliusimamisha kama nguzo ya hadithi, na ukirudi kutazama misimu ya mwanzo unaiona upya. Ndiyo maana nasisitiza kuweka daftari la kila utani uliopita: nani alisema, nani alikufa, nani anadaiwa.

Mwaka 2010, msimu wa 8, akaingia mchora-animesheni Monty Oum na animesheni ya 3D, yaani miili inayoundwa na kuchezeshwa ndani ya kompyuta badala ya gemu, kwa ajili ya mapigano. Kila pigo lina uzito, mwili unajikunja kabla ya kuruka, na mhusika anaonekana anafikiri huku akipigana. Oum alifariki Februari 2015, na mkono wake bado unatambulika. Hata hivyo, msimu wa 9 ulipofululiza 3D kwa visa vya nyuma, naona vichekesho vilidhoofika, kwa sababu mwili unaosogea muda wote unafunika kile kimya. Wa 10 ulikaa sawa zaidi.

Na 3D ina gharama yake. Dakika 5 ni fremu 7,200. Fremu moja ikichukua dakika 2 kutolewa, yaani kompyuta kuikokotoa hadi iwe picha kamili, kompyuta moja itafanya kazi saa 240, yaani siku 10 mchana na usiku. Usitoe faili moja la video. Toa picha moja moja za PNG, kila moja na namba yake, ili umeme ukikatika kwenye fremu ya 4,311 uanzie hiyohiyo 4,311, si mwanzo. Faili la video lililokatika katikati mara nyingi halifunguki.

Msimu wa 18, Zero, wa mwaka 2020, ulileta 3D mfululizo na kikosi kipya, na wale wazee wawili wa soga juu ya kambi hawakuwa moyo wake tena. Picha safi, lakini kwangu huo ndio dhaifu kuliko yote. Restoration ya 2024, iliyoandikwa na Burnie Burns aliyeuanzisha mfululizo, ikarudi kwa wahusika wa awali.

Kama bando lako ni dogo, tazama episodi tatu za kwanza, kisha msimu wa 6 wote, halafu wa 10, kwa ubora wa picha wa 480p. Mara ya pili geuza simu kifudifudi, usikilize tu, uandike kila kimya kina urefu gani.