Mwasisi na mtangulizi si mtu mmoja

Juzi redioni nimemsikia tena mtangazaji akimwita Rosa Parks, mama mweusi wa Montgomery, Marekani, aliyekataa kuachia kiti cha basi Desemba 1955, "mwasisi wa mapambano dhidi ya ubaguzi wa rangi". Mama yule nampa heshima zake zote, lakini neno hilo halimkai.

Kwa kifupi, mwasisi ni aliyeanzisha jambo na kuliwekea msingi. Mtangulizi ni aliyepita mbele ya wenzake. Mwasisi ni neno tulilopokea kutoka Kiarabu, ndugu yake asasi, na kwa Waarabu asas ni msingi. Ndiyo maana ukimtaja mwasisi, watu watataka kuona alichokisimamisha: chama, chuo, taifa. Mtangulizi linatokana na tangulia, kitenzi chetu cha Kibantu, nalo halidai jengo lolote. Mtu aweza kutangulia peke yake, asifuatwe na yeyote kwa miaka. Wahenga walishasema, kutangulia si kufika.

Mtazame Elizabeth Jennings, mwalimu wa New York. Jumapili moja ya Julai 1854 alikuwa akiwahi kanisani, ambako ndiye aliyepiga kinanda, akapanda gari la abiria la kukokotwa na farasi. Kondakta akamwambia asubiri gari la watu weusi. Akakataa. Walipomvuta, aling'ang'ania dirisha, hadi askari alipokuja kumsukumia nje. Akaishtaki kampuni, na mwaka 1855 akashinda, akapewa fidia ya dola 225. Wakili wake, Chester Arthur, baadaye alikuja kuwa rais wa Marekani. Huyo ni mtangulizi, miaka 101 kabla ya Parks. Mwasisi katika nyumba ile alikuwa baba yake, Thomas Jennings, ambaye mwaka huohuo wa 1855 alianzisha chama cha kupigania haki za watu weusi mahakamani.

Hata Montgomery kwenyewe, Claudette Colvin, binti wa miaka 15, aligoma kuachia kiti cha basi tarehe 2 Machi 1955, miezi tisa kabla ya Parks. Kisha akawa mmoja wa wanawake waliofungua kesi iliyokomesha utengano katika mabasi ya mji ule, mwaka 1956.

Basi, ndugu mtangazaji, safari ijayo mwite Parks shujaa, au kiongozi, na uwataje waliomtangulia. Yeye mwenyewe alimfahamu Colvin vizuri, maana ndiye aliyekuwa mlezi wa vijana wa NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, mjini humo.