Oili ya pikipiki: geuza chupa, soma mgongoni

Asubuhi moja ya Juni, ile baridi ya Mbeya ya kuvaa makoti mawili, kijana wa bodaboda aliingia gereji anaisukuma pikipiki. "Shikamoo fundi. Mashine inalia tu, haiendi." Nikaipanda, nikaelekea nayo mlima wa Kawetele, njia ya Chunya. Kweli: nikivuta mafuta injini inapiga kelele, mshale wa spidi haupandi. Pikipiki inajikokota kama imefungwa gogo nyuma.

Tulipofungua mfuniko wa klachi, pleti zilikuwa zinang'aa kama sahani iliyolambwa, mbili zimeshakuwa nyeusi, na ile harufu ya kuungua ambayo ukiinusa mara moja hutaisahau. Nikamuuliza ameweka oili gani. "Ya gari la bosi, fundi. Ilibaki. Bei yake mara tatu ya hizi zetu."

Kuhusu bei hakunidanganya. Ilikuwa oili nzuri kabisa, 5W-30, na kwenye gari la bosi ingefanya kazi yake bila tatizo. Shida ni kwamba gari hilo lina oili ya injini peke yake, giabox ina ya kwake, na klachi inakaa pakavu. Pikipiki yako ya cc 125 au 150 haina mgawanyo huo. Oili ileile inayopoza pistoni ndiyo inalainisha gia, na humohumo pleti za klachi zinaogelea. Wewe unataka pistoni iteleze, klachi ishike. Oili moja ifanye yote mawili.

Oili nyingi za kisasa za gari huwekewa dawa ya kupunguza msuguano ili gari linywe petroli kidogo. Dawa hiyo haichagui. Ikifika kwenye pleti nazo inazitelezesha. Ukiona nyuma ya chupa maneno Energy Conserving au Resource Conserving, hiyo mwachie mwenye gari.

Wajapani waliliona tatizo hili mapema, na mwaka 1998 wakatoa kiwango cha oili za pikipiki za mipigo minne, JASO T 903. Ndiyo maana mteja akiniuliza anunue oili gani, simtajii kampuni. Namwambia ageuze chupa atafute herufi MA. MA maana yake imepimwa kwa klachi inayoogelea kwenye oili na inashika. Baadaye MA ikagawanywa: MA1, na MA2 inayoshika zaidi. Kwa bodaboda yoyote kati ya hizo inafaa. MB ni ya skuta zile zisizo na gia za kukanyaga, ambazo klachi yake iko pakavu. Ukiiweka MB kwenye pikipiki ya gia utarudi kwangu kama yule kijana.

Kuna kitu kidogo wengi hawakijui. Oili iliyosajiliwa huwa na kisanduku kidogo, juu kina namba ndefu na chini herufi MA. Nyingine zinaandika tu kwa maneno kwamba "inakidhi JASO MA", bila kisanduku. Hapo ni mtengenezaji anajisemea. Haimaanishi ni mbaya, nyingine nimezitumia miaka, ila kama zote mbili ziko mezani na bei inakaribiana, mimi nachukua yenye kisanduku.

Sasa namba, maana vijiweni ndizo zinazobishaniwa kuliko zote. Kwenye 20W-50, namba ya nyuma ni uzito wa oili injini ikiwa moto, kwenye nyuzi 100. Ya mbele yenye W ni tabia yake kwenye baridi. Wateja wa Uyole na wanaopanda Kitulo huniambia 20W ni nzito mno kwa baridi yetu. Lakini 20W hupimwa kama itaruhusu injini izunguke na kuwaka kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri! Hata Kitulo asubuhi yenye sakitu haifiki huko. Ikikusumbua kuwaka, angalia plagi na betri kwanza. Ninachokubali ni kwamba nzito inachelewa kidogo kupanda juu kwenye kichwa cha silinda, kwa hiyo iache injini ingurume kidogo kabla hujaondoka na abiria.

Basi uchague ipi? Ile aliyoandika aliyeitengeneza pikipiki. Boxer inakuja na 20W-50, Honda ndogo zinataka 10W-30, na kila mmoja alipima nafasi za vyuma vyake kabla ya kuandika. Kitabu kikiwa kimepotea, na vimepotea vyote, muulize wakala. Injini kuukuu inayokula oili kidogo, inayobeba gunia mbili za viazi mpaka Chunya kwenye joto, naiwekea 20W-50 bila kufikiria mara mbili. Injini mpya iliyoandikiwa 10W-30 ukiipa 50 unaikaba tu, inakunywa petroli zaidi bila sababu.

Kuhusu API, kile kiwango cha ubora cha Wamarekani kilichoandikwa kwenye chupa: herufi zinazoanza na S ni za injini za petroli, na kadiri herufi ya pili inavyoenda mbele ndivyo kiwango kilivyo kipya. SL ilikuja 2001, SN 2010. Kwa pikipiki zetu SJ au SL yenye MA inatosha. SN isiyo na MA hainishawishi. Na ile namba 40 tupu ya kwenye madumu, inayouzwa kwa kupimiwa, ni oili ya kazi nyingine. Najua inatumika. Injini ninazozifungua mapema nyingi zimelelewa nayo.

Sinthetiki? Ni nzuri, sibishi. Ila kuna jambo linaloifanya oili ya pikipiki ichoke haraka kuliko ya gari, nalo ni gia. Meno ya gia yanasagana ndani ya oili mchana kutwa, yanakatakata ile dawa inayoipa uzito, na 50 yako taratibu inageuka kuwa nyepesi. Isitoshe, injini nyingi za Kichina za muundo wa CG, zilizoigwa kwenye Honda ya zamani, hazina filta ya karatasi, zina chujio la wavu na kikombe kinachozunguka kwenye krenki kukusanya uchafu. Na oili yenyewe ni lita moja hivi tu. Kwa hiyo kwa bodaboda mimi nashauri oili ya kawaida yenye MA, imwagwe kila kilomita 2,000, kuliko sinthetiki ya gharama inayoachwa mpaka 6,000 kwa sababu "ilikuwa ghali". Ukikimbia kilomita 120 kwa siku, siku sita kwa wiki, hizo 2,000 hazifiki wiki tatu. Pikipiki mpya mwage ya kwanza kwenye 500, maana hapo vyuma ndio vinazoeana na oili inatoka inameta vumbi la chuma.

Kununua kwenyewe ndiko kuna mtego. Mwaka mmoja nilinunua boksi zima kwa mtu aliyekuwa anapita na pikapu, bei tamu. Chupa ya tatu nilipoimimina kwenye chupa ya maji ili nipime, ikatoka na michirizi kama chai iliyomwagiwa kahawa. Nikadondosha tone kwenye karatasi nyeupe, nikaliacha mpaka kesho yake. Katikati likabaki doa jeusi. Oili mpya ya kweli huacha doa la mafuta tu, safi mpaka katikati. Ile ilikuwa imeshatembea kwenye injini ya mtu, ikachujwa, ikarudishwa dukani.

Tangu hapo nanunua duka moja lenye risiti. Naangalia alama ya TBS, naangalia namba ya toleo kwenye chupa kama inalingana na ya kwenye boksi, kisha foili chini ya kizibo: iwe imeshika mdomo wote, isiwe na gundi iliyovuja pembeni. Kuisugua kati ya vidole na kusema "hii nzito, hii original" ni mchezo wa kijiweni. Oili chafu iliyochanganywa na nzito nayo inasugulika vizuri.

Nikishamaliza kumwaga, chupa tupu naipiga bisibisi ubavuni, mashimo mawili. Wanaokuja kuokota chupa safi zenye vizibo wanalipa, na hawaendi kuwekea maziwa. Oili chafu nawapa mafundi seremala wapake nguzo dhidi ya mchwa, na wananijua, huja na dumu lao Jumamosi.

Yule kijana nilimbadilishia pleti seti nzima. Nilizilaza kwenye oili mpya usiku kucha kabla ya kuzifunga, maana pleti kavu ukiifunga hivyohivyo inaungua siku ya kwanza. Oili ya bosi tuliimwaga, tukaweka MA, baada ya siku tatu tukaimwaga tena kuosha mabaki. Alilipa kwa awamu mbili.