Je, Wajua Kwa Nini Amplifaya ya Valvu ya Wati 5 Inatosha Kuanzia?

Anayetafuta amplifaya yake ya kwanza ya gitaa yenye valvu huvutwa na namba. Akikuta ya wati 5 na ya wati 50 zimepangwa dukani, atadhani ile kubwa ina sauti mara kumi ya ndogo. Sikio halihesabu hivyo. Ili sauti isikike imeongezeka takribani maradufu, nguvu inabidi iongezwe mara 10, yaani desibeli 10. Kwa spika ileile, basi, wati 50 zinasikika kama mara mbili tu ya wati 5. Na wati 5 za valvu ndani ya chumba si kitu kidogo, nyumba ya pili watazisikia.

Hata hivyo, sababu kubwa ya kuanza na ndogo imo ndani ya valvu yenyewe. Ile chupa ya kioo imetolewa hewa. Ndani yake kuna kathodi, kipande cha chuma kinachopashwa moto, mara nyingi kwa volti 6.3, hadi kianze kutoa elektroni, yaani chembe ndogo mno za umeme. Upande wa pili kuna anodi, bamba lenye volti mia kadhaa, nayo huzivuta. Mwingereza John Ambrose Fleming alitengeneza valvu ya namna hiyo mwaka 1904, na miaka michache baadaye Mmarekani Lee de Forest akaongeza gridi, waya mwembamba unaokaa katikati. Gridi hufanya kazi kama koki ya bomba: volti ndogo kutoka kwenye gitaa huifunga na kuifungua, na mkondo mkubwa wa elektroni hufuata.

Ukipiga nyuzi taratibu, mkondo hufuata gitaa bila kuliacha. Ukikaza mkono, valvu hufika mahali isipoweza kupitisha zaidi, na kilele cha wimbi kinaanza kubonyea. Amplifaya nyingi za transista, zisizotumia valvu, hukata wimbi ghafla, ndiyo maana zikizidiwa hukwaruza. Valvu hubonyeza kidogo kidogo kabla ya kukata. Hapo ndipo utamu ulipo: noti inanenepa, inadumu zaidi, na amplifaya inaujua mkono wako. Legeza mpigo, sauti inarudi kuwa safi. Kaza, inanguruma.

Amplifaya ya wati 5 inafika hapo ukiwa sebuleni kwako. Ya wati 50 inafika hapo wakati vioo vya madirisha vinatetemeka, kwa hiyo nyumbani utaifungulia sauti kidogo tu na valvu zake za mwisho, zile zinazosukuma spika, hazitapata kufanya kazi kwa bidii. Ukitaka mfano wa ndogo iliyopendwa miaka mingi, itazame Fender Champ ya miaka ya 1950: valvu moja ndogo ya 12AX7 ya kukuza sauti ya gitaa, moja kubwa ya 6V6 ya kusukuma spika, moja ya kunyoosha umeme wa ukutani uende upande mmoja, na spika ya inchi 8. Basi. Wati nyingi zilikuja kwa haja ya majukwaa. Marshall ya London ilianza kutengeneza za wati 100 mwaka 1965 kwa ajili ya bendi ya The Who, enzi ambazo gitaa lilitegemea amplifaya yake kuufikia umati. Siku hizi maikrofoni huwekwa mbele ya spika na mikseri hufanya yaliyobaki.

Kuna mtu mmoja nisiyemshauri wati 5: anayepiga dansi, rumba au benga pamoja na ngoma. Solo ya muziki huo inataka sauti safi inayolia kama kengele, na wati 5 zitaanza kunguruma kabla hazijafikia sauti ya ngoma. Huyo atafute wati 15 hadi 22.

Sasa yale yanayoua amplifaya. Usiiwashe kamwe bila spika kuunganishwa. Transfoma ya kutolea sauti ikikosa mzigo, volti hupanda kwa kasi na inaweza kuungua pamoja na valvu. Om za spika, yaani kipimo cha ukinzani wake, zilingane na zilizoandikwa kwenye tundu (4, 8 au 16), na waya wa kwenda kwenye spika uwe wa spika, si ule wa gitaa.

Kama unanunua iliyotumika Marekani, soma nyuma yake kabla ya kuichomeka. Kule umeme ni volti 120, Tanzania ni 230 na Kenya 240. Isipokuwa na swichi ya kuchagua volti, tafuta transfoma ya kushusha umeme, na uipime kwa wati ambazo amplifaya inakula, sio wati 5 za sauti. Wati inazokula huwa nyingi zaidi.

Usiifungue kwa udadisi. Kapasita zake, vifaa vinavyohifadhi umeme, zinaweza kushika volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa waya, na volti hizo zinaua. Mwachie fundi. Valvu ndogo za 12AX7 kwa kawaida unaweza kubadilisha mwenyewe, ukiwa umezima, umechomoa na kuacha zipoe. Zile kubwa, katika amplifaya nyingi, zinahitaji fundi apime na kurekebisha mkondo wake. Ukisikia mlio wa ajabu na hujui ni valvu ipi, iwashe, kisha gonga 12AX7 moja moja polepole kwa penseli: mbovu itaitikia kwa kishindo kwenye spika.